Tope la Ethanoli na Lignini Iliyofichwa Ndani Yake (3)

Wiki iliyopita tuliiacha hamira ikimalizia sukari ya mabua ya mpunga, na ethanoli ikikenekwa mnarani. Kinachobaki chini ni tope la kahawia. Humo mna lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mmea hadi ukasimama wima, pamoja na selulosi iliyovikwepa vimeng'enya, masalia ya hamira, na majivu tele. Kiwanda cha Crescentino, kaskazini mwa Italia, kilichozinduliwa 2013 kutengeneza ethanoli ya mabua na matete, kiliichoma lignini yake kuzalisha umeme. Siwalaumu, boila haijali usafi.

Anayetaka gundi badala ya kuni huanza kwa soda kali. Lignini huyeyuka, selulosi hubaki ikachujwa. Mchuzi mweusi uliopatikana ukitiwa tindikali, lignini huganda tena, na ukipashwa moto hadi nyuzi 60 au 70 hivi chembe zake hushikamana, zikachujika bila kuziba kitambaa.

Mpunga lakini una ukaidi wake: umejaa silika, nayo huyeyuka katika soda hiyohiyo. Tindikali ikimwagwa kwa pupa, vyote viwili hushuka pamoja, ukaambulia unga wenye mchanga. Kwa hiyo hupulizwa kwanza hewa ya ukaa hadi pH ikaribie 10. Silika hutangulia kushuka, ikaondolewa. Ndipo tindikali huiteremsha pH hadi 2 au 3, lignini ikafuata. Na hewa ya ukaa hainunuliwi, matangi ya kuchachushia huitoa siku nzima.

Taabu kubwa imeshatokea mapema zaidi. Mvuke wa kulainisha mabua, wa nyuzi 180 na kuendelea, hukata viungo vya oksijeni vilivyounganisha vipande vya lignini. Vipande hivyo hushikana upya, kaboni kwa kaboni, na kifungo hicho ni kigumu mno kukivunja. Ndiyo maana siamini ahadi za kupata vanilini katika kila tope. Borregaard ya Sarpsborg, Norwei, huitengeneza kutokana na mbao za msprusi, zilizopikwa kwa njia tofauti kabisa. Lignini ya mabua naiona zaidi kwenye gundi ya plaiwudi, ikichukua nafasi ya sehemu ya fenoli ya petroli.

Wapo watafiti waliogeuza mpangilio: lignini hutolewa kwanza, kwa alkoholi ya moto na kichocheo, sukari ikisubiri zamu yake. Gharama za njia hiyo tutazipitia juma lijalo.