Linda Pumzi Iliyobaki

Ukitoka pwani ya Uvira kupanda mlimani, je, pumzi yakukatika kuliko mwaka jana? Usiseme, "Ni uzee tu." Mtu mzima mwenye afya hupoteza pumzi kidogo, kama mililita 30 kila mwaka. Mvuta tumbaku, na mama akaushaye samaki au apikaye ndani ya moshi wa kuni, aweza kupoteza nyingi zaidi.

Wengine husema, "Pimeni damu yangu, mjue mapafu yangu." Damu husema neno, lakini halitoshi. Fibrinojeni ikizidi katika damu, yaweza kuonya kwamba mapafu ya mgonjwa yako hatarini. Lakini magonjwa mengine nayo huizidisha. Kwa hiyo ni lazima kupuliza kwa nguvu katika spirometa, ili ipimwe pumzi itokayo katika sekunde 1 ya kwanza.

Kikohozi kikipita majuma 2, pimwa makohozi kwanza, maana yaweza kuwa kifua kikuu.

Pumzi iliyopotea hairudi yote. Basi linda iliyobaki: acha tumbaku leo, choma kuni kavu, peleka jiko nje. Hata mzee akiacha tumbaku, hufaidika.