Kikao cha Akina Mama cha Kila Mwezi: Nani Aseme?

Ndugu msomaji, leo katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya kikao cha akina mama cha kila mwezi. Huenda kijijini kwako kipo. Huenda mkeo au mama yako huenda huko, nawe hujui wanajadili nini.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji huku Karagwe. Nilipoalikwa mara ya kwanza kwenye kikao cha akina mama nilijitayarisha sana. Niliandika somo la kurasa nne juu ya dalili za hatari kwa mama mjamzito na mama aliyejifungua. Nilisimama mbele nikasema saa nzima. Akina mama walikaa kwenye majani, wengine wakisuka, wakanisikiliza kwa adabu. Nilipouliza kama kuna swali, hapakuwa na swali. Nilirudi zahanati nikijisifu.

Wiki chache baadaye mama mmoja wa kikundi kile kile alijifungulia nyumbani, akatokwa na damu nyingi. Aliletwa kwetu usiku kwa pikipiki, ameegemezwa kati ya watu wawili. Tulimsafirisha hadi hospitali, akaongezewa damu, akapona. Alipopata nguvu nilimwuliza kama alilikumbuka somo langu. Akanijibu, "Nalikumbuka, daktari. Lakini hukutuuliza nani anashika fedha nyumbani."

Kikao kilichofuata nilikaa nyuma. Bibi mmoja anayeongoza kikundi aliuliza swali moja tu: kwa nini mwenzetu alichelewa? Hapo ndipo nilipowasikia. Mume alikuwa ameondoka kwenda kuuza kahawa, na fedha alikuwa nazo yeye. Mama mkwe alisema damu ile ni uchafu wa uzazi, iachwe itoke. Mwenye pikipiki alitaka alipwe kwanza. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Sababu hizo zote hazikuwamo katika kurasa zangu nne.

Ilipofika habari ya damu waliniita mbele, nami nikaeleza kwa ufupi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Mkoani Kigoma, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza jinsi wakunga wa jadi walivyofundishwa kupima damu kwa kanga: kanga mbili zikilowa chapachapa, mama yumo hatarini. Lakini wewe usiingoje kanga ya pili. Safari ianze mara moja. Mtoto awekwe kwenye titi, maana kunyonya kunasaidia mji wa mimba ukaze, na mama akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia usikaze. Yule mama mkwe alikuwapo. Hakuna aliyemsuta. Alisema kwamba yeye mwenyewe alizaa watoto wanane nyumbani na hakuna aliyemweleza haya.

Wazee wetu wanaijua njia hii ya kujadili. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakakata shauri la kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kisha ikaja Chakula ni Uhai, mwaka 1975. Haikutosha kusikiliza tu. Kila kikundi kilitakiwa kiseme kitafanya nini.

Huko Nepal, katika wilaya ya milimani ya Makwanpur, akina mama walikutana kila mwezi namna hiyo hiyo. Aliyewaongoza hakuwa mganga, alikuwa mwanamke wa pale pale. Matokeo yalipotolewa mwaka 2004, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 30 kuliko mahali pasipo na vikundi. Mwaka 2013 wataalamu walijumlisha chunguzi saba, za Nepal, India, Bangladesh na Malawi. Penye angalau wajawazito 30 katika kila 100 waliohudhuria, vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri vikundi hivyo vianzishwe vijijini.

Angalia tena, ndugu msomaji: wajawazito. Hapa ndipo vikundi vyetu vingi vya Karagwe na Kyerwa vinapokwama. Wanaokuja ni akina mama watu wazima, waliokwisha maliza kuzaa, wenye hisa za kuweka na kukopa. Kuweka na kukopa si kubaya hata kidogo. Lakini binti wa miaka kumi na minane mwenye mimba ya kwanza hana hisa, anaona haya, anabaki jikoni.

Kikundi chetu kimekata shauri. Kila mama anatoa kidogo katika sanduku la dharura, na zaidi msimu wa kahawa, kwa sababu wakati huo fedha ipo. Vijana wawili wa pikipiki wamekubali kubeba kwanza na kulipwa baadaye kutoka sandukuni. Waume wataitwa kikao cha tatu, wasikie na waseme. Bibi mmoja alikumbusha vyama vya engozi vya Kigezi, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, ambako watu hubeba wagonjwa kwa machela, na asiyetokea kubeba hutozwa faini. Akauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo siku pikipiki inapokwama kwenye matope. Jambo hilo bado linajadiliwa. Wengine wanasema vijana wa siku hizi hawatakubali.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya gulio. Tutazungumza juu ya upungufu wa damu, na habari ya kunywa chai au kahawa pamoja na chakula, maana vinazuia madini ya chuma ya maharage yasiingie mwilini. Kuna mabinti wawili wajawazito ambao hawajaja hata mara moja. Bibi anayetuongoza amesema atawapitia mwenyewe nyumbani kwao asubuhi hiyo, na kama mama zao wana neno, waje nalo kikaoni.