Sindano ya Mgongo na Uchungu wa Kuzaa: Je, Imani Inakataza?

Sisi mafrateri tunapotumwa kwenye jumuiya ndogondogo hujiandaa kwa maswali ya Maandiko na Sakramenti. Lakini lipo swali la wodi ya wazazi linalotufikia mara kwa mara: mama Mkristo akiomba dawa ya kutuliza maumivu wakati wa kujifungua, je, anaukimbia msalaba? Wapo wanaoona kwamba Mwanzo 3:16 imekwisha kulijibu. Na wapo kina mama waliojifungua kwa sindano, kisha wakaambiwa na ndugu zao kwamba hawakuzaa hasa. Sisi ni wanaume, na hatutazaa kamwe. Kwa hiyo tuliona vema kwanza tujue sindano yenyewe ni nini kabla ya kuisemea.

Kina mama wengi wa kwetu wakitaja "sindano ya mgongo" wanamaanisha ile ya upasuaji. Inayotuhusu hapa ni ndugu yake, inayoitwa epidurali. Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe mgongo, ile kamba nene ya neva inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Ugwe huo umezungukwa na maji, na maji hayo yamefungwa ndani ya utando mgumu. Sindano ya upasuaji hutoboa utando na kuiweka dawa ndani ya maji. Ganzi huja kwa dakika chache na miguu huwa mizito kabisa. Epidurali huishia nje ya utando. Mtaalamu wa usingizi huipitisha sindano kati ya pingili za kiuno, chini ya pale ugwe unapoishia, huku akibonyeza bomba lenye maji ya chumvi. Sindano ikiwa bado ndani ya kano ngumu, bomba hugoma. Ikishapita, bomba huachia ghafla, naye hujua amefika. Hapo hupitisha mrija mwembamba sana, huchomoa sindano, na mrija hubaki umebandikwa mgongoni.

Faida yake iko kwenye mrija huo. Dawa, mara nyingi bupivakaini kidogo ikichanganywa na fentanili, huweza kuongezwa saa baada ya saa mpaka mtoto azaliwe. Tofauti na nusu kaputi, mama habaki usingizini. Anaongea, anasali rozari akitaka, anamsikia mtoto akilia. Kwa dozi ndogo zinazotumika siku hizi, wengi hubaki na nguvu za kusukuma. Aliyeieleza njia hii ya kiunoni kwa upasuaji, mwaka 1921, ni daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés. Alifariki kwa ajali ya gari miaka miwili baadaye, kabla kazi yake haijajulikana sana nje ya nchi yake.

Madhara yapo, nayo yasifichwe. Shinikizo la damu huweza kushuka, ndiyo maana mama huwekewa dripu na kupimwa mara kwa mara. Wengine huwashwa mwili au hupata homa. Hatua ya kusukuma huweza kurefuka. Kwa takribani mama mmoja kati ya 100 utando hutobolewa bila kukusudia, naye huumwa kichwa kikali kwa siku kadhaa. Mwenye tatizo la kuganda kwa damu, au maambukizi pale sindano inapopita, hapewi. Lakini lile tunalolisikia zaidi mitaani, kwamba sindano humwachia mama maumivu ya mgongo ya maisha, halikuthibitika: wanawake waliopewa epidurali na wasiopewa walipolinganishwa, maumivu ya mgongo ya muda mrefu hayakutofautiana. Mimba yenyewe, na kulea, huuchosha mgongo vya kutosha.

Sasa turudi kwenye Mwanzo. Aya ya 16 inazungumza na mwanamke na aya ya 17 na mwanamume, na katika Kiebrania neno la taabu ni lile lile kwa wote wawili. Mwanamume anaambiwa atakula kwa taabu, ardhi itamzalia miiba. Hata hivyo hatujasikia paroko akimkataza mkulima kununua trekta, wala kumwambia anayepalilia kwa dawa kwamba mahindi yake si mahindi hasa. Maandiko hapo yanaeleza hali ya binadamu baada ya dhambi. Hayatoi amri kwamba hali hiyo ilindwe isipungue. Hoja hii ni ya zamani. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kutumia dawa ya usingizi kwa wazazi mwaka 1847, aliitumia mwaka huo huo katika kijitabu cha kujibu pingamizi za kidini, akakumbusha pia kwamba Mungu alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kutwaa ubavu wake.

Kanisa nalo limesema wazi. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pius XII, akizungumzia kujifungua bila maumivu, alifundisha kwamba Maandiko hayamkatazi binadamu kutumia maarifa yake kupunguza taabu ya uzazi. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari, aliwajibu wataalamu wa usingizi waliouliza kama Mkristo anao wajibu wa jumla wa kukataa dawa za maumivu. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna wajibu huo. Anayetaka kuyapokea maumivu kwa ajili ya Kristo yuko huru kufanya hivyo, naye anayetaka yatulizwe yuko huru vilevile.

Wengine hutukumbusha kwamba Yesu pale Golgota alikataa divai iliyotiwa manemane. Ni kweli, alikataa. Lakini alikataa kwa ajili yake mwenyewe, na Injili haisemi kwamba aliwakemea waliompa. Sadaka hutolewa na mwenye nayo. Mkwe, mume, muuguzi au frateri hawezi kuyatolea sadaka maumivu ya mwanamke mwingine, na akijaribu, anachotoa ni cha mwenzake. Tunadhani hapa ndipo tunapokosea zaidi tunapohubiri juu ya mateso: tunasifu uvumilivu wa mtu ambaye hakuulizwa.

Kuhusu usemi kwamba hakuzaa hasa, tukumbuke kwamba Mapokeo ya Kanisa yanashika kuwa Bikira Maria alimzaa Mwanawe bila maumivu, na hakuna Mkatoliki anayeutilia shaka umama wake. Wahenga nao waliposema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hawakumaanisha saa chache za leba tu. Kukesha na mtoto mwenye homa hakuna sindano.

Kwa kina mama wengi, hata hivyo, shida ni upatikanaji kuliko ruhusa. Epidurali inahitaji mtaalamu wa usingizi, vifaa, na mtu wa kumwangalia mama muda wote, na hospitali nyingi za kwetu hazina watu hao wa kutosha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 linapendekeza epidurali kwa mama mwenye afya anayeiomba, na linapendekeza pia kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa leba. Hili la pili halihitaji dawa. Mama anaweza kuyauliza yote mawili mapema, akiwa bado anahudhuria kliniki: kama epidurali inatolewa hapo, na kama mama yake, dada yake au mumewe ataruhusiwa kuingia.