Chuo cha Kurani kisiachwe peke yake

Ni nadra kuukuta mtaa katika Unguja, au kijiji katika Pemba, usio na chuo cha Kurani. Pengine huwa ni ukumbi wa msikiti, pengine ni baraza ya nyumba ya mwalimu mwenyewe, na mikeka ndiyo viti. Hapo ndipo wengi wetu tulipozijua herufi kabla ya kuijua skuli. Zama zimepita na tawala zimebadilika. Chuo kimebaki, kwa sababu wazazi wanakiamini.

Twasema haya kwa kuwa mara nyingi wakubwa wanapopanga mipango ya watoto na vijana huanza kana kwamba uwanja ni mtupu. Hutafutwa kiwanja kipya, hujengwa jengo jipya, huundwa kamati mpya. Na mfadhili akiondoka, jengo hugeuka ghala. Ilhali hatua chache kutoka hapo kipo chuo kilichojaa watoto, chenye mwalimu mmoja na wazee wanaokisimamia bila ya kulipwa hata senti.

Mfano wa njia nyingine tunao, nao ni wa kwetu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walihuzunishwa kuona watoto wao wakiachwa nyuma katika elimu, wakataka msaada wa Aga Khan wa nne. Baada ya mashauriano ilionekana kwamba kasoro huanza mapema, kabla mtoto hajafika darasa la kwanza. Mwaka 1986 mpango wa skuli za maandalizi ndani ya madrasa ukaanza Mombasa. Mwaka 1990 ukavuka bahari ukafika Zanzibar, na mwaka 1993 ukaingia Uganda. Yafaa ikumbukwe kwamba Aga Khan ni imamu wa Waismailia, na wenye vyuo pwani hii wengi wao ni Masuni wa Kishafii. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa barua. Hupatikana kwa kuketi na wazee, na kwa kuwaachia wenye chuo chuo chao.

Kazi yenyewe haikuwa ya makuu. Jamaa wa mtaa walitoa chumba na kuchagua kamati. Wakateuliwa wanawake vijana wa hapo hapo, wakafunzwa ualimu, kisha wakufunzi wakawafuata madarasani mwao kuwaelekeza. Vifaa vilikuwa vifuu, kokwa, makombe ya pwani na makopo. Mtoto alihesabu, akaimba, akasoma dua, akasikiliza hadithi kwa Kiswahili chake, na akazoeshwa kuuliza maswali, jambo ambalo, tuseme kweli, vyuo vya zamani havikulipenda sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg ulionyesha kwamba watoto waliopitia skuli hizo walipiga hatua kubwa zaidi katika kufahamu na kufikiri kuliko wenzao waliobaki majumbani.

Nasi twaona faida ya pili isiyotajwa sana, ya hao vijana waliofundishwa. Msichana aliyemaliza skuli na kukaa nyumbani akingoja riziki yake, leo huitwa mwalimu mtaani mwake, na wazee humsikiliza akisema katika kikao cha kamati.

Hata hivyo mambo si mepesi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima, hatua tunayoisifu. Lakini mwalimu wa chuo huishi kwa ada ya wazazi, nao wazazi ni wavuvi, na wakulima wa mwani na karafuu. Bahari ikichafuka, ada haiji. Mwalimu aliyekwisha kufunzwa hutazama skuli ya Serikali ya jirani, yenye mshahara wa kila mwezi, akenda zake. Nani atamlaumu? Chuo hubaki na watoto na mikeka.

Kwa hiyo twaiomba Wizara ya Elimu, ikishirikiana na Ofisi ya Mufti, iwahesabu walimu hawa kuwa sehemu ya jeshi lake, iwape mafunzo na posho isiyokatika, bila ya kuwanyang'anya wanakijiji usimamizi. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana nayo ina nafasi yake. Wazee wetu waliweka wakf mashamba na nyumba kwa ajili ya mambo ya kheri. Panapokuwa sharti la mwenye wakf laruhusu, kumlisha anayefundisha watoto ni kheri iliyo wazi.

Wenye vyuo nao wana wajibu. Msaada wa umma huja pamoja na jicho la umma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inakataza mtoto kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na mlango wa chuo hauizuii sheria kuingia. Mwalimu asiyejua kufundisha ila kwa bakora afunzwe njia nyingine; akikataa, kamati imtafutie mwenzake.

Masheha wanavijua vyuo vya shehia zao, na walimu wao kwa majina. Orodha hiyo yaweza kuwa mezani kwa Waziri kabla Baraza la Wawakilishi halijaketi kuijadili bajeti ijayo.