Usharika Bila Kanuni ya Imani: Matendo na Maisha ya Jumuiya katika Chama cha Utamaduni wa Maadili cha New York

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maisha ya jumuiya katika Chama cha Utamaduni wa Maadili kilichoanzishwa na Felix Adler mjini New York mwaka 1876. Chama hicho hakimtaki mwanachama akiri imani yoyote kuhusu Mungu, bali humtaka aishi kwa maadili pamoja na wenzake. Swali linaloongoza mjadala ni hili: kanuni ya imani ikiondolewa, ni kitu gani kinachowashikamanisha watu kwa vizazi kadhaa? Makala yanadai kwamba jibu lililozoeleka, yaani matendo, ni sahihi ila halijakamilika, kwa kuwa matendo hayo ni ya aina mbili na hayana nguvu sawa ya kuunganisha.

1.0 Utangulizi

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno dini humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwa Mungu, maandiko na ibada. Tylor (1871) naye aliifasili dini kwa kigezo cha imani katika viumbe vya kiroho. Durkheim (1912) alikwenda mbele zaidi. Pamoja na imani, alizingatia desturi zinazohusu vitu vitakatifu na namna zinavyowaunganisha watu kuwa jumuiya moja ya kimaadili. Jumuiya za kiutu, yaani zile zinazoweka utu na wajibu wa mtu kwa mwenzake mahali pa kanuni ya imani, ni kipimo kizuri cha fasili hizo. Zina mikutano ya kila juma, viongozi, mafunzo ya watoto na ada za maziko, ilhali hazina fundisho rasmi kuhusu Mungu.

Neno usharika limeteuliwa hapa kwa kusudi. Walutheri wa Tanzania hulitumia kwa jumuiya ya waumini wa mahali pamoja, nalo lina mzizi mmoja na kitenzi shiriki. Maana hiyo ya kushiriki ndiyo inayohitajika katika mjadala huu.

2.0 Usuli wa Chama

Felix Adler alizaliwa Alzey, Ujerumani, mwaka 1851. Alihamia Marekani mwaka 1857, baba yake, Samuel Adler, alipoitwa kuwa rabi wa Temple Emanu-El mjini New York. Ilitarajiwa kwamba mwana angemrithi baba. Hata hivyo, masomo yake ya juu Ujerumani, hasa falsafa ya Immanuel Kant, yalimfikisha kwenye hoja kwamba sheria ya maadili inasimama yenyewe pasipo kuegemea mafundisho kuhusu Mungu. Hotuba aliyoitoa katika sinagogi hilo mwaka 1873 ilidhihirisha kuwa njia yake ilikuwa nyingine.

Tarehe 15 Mei 1876 alitoa hotuba iliyozaa chama. Alipendekeza mikutano ya Jumapili yenye hotuba na muziki, akaondoa sala na kila namna ya ada, ili watu wenye imani tofauti, na wasio na imani, wakutane bila kukwazana. Matendo yangetangulia itikadi. Katika miaka kumi iliyofuata vyama vya aina hiyo vilianzishwa Chicago (1882), Philadelphia (1885) na St. Louis (1886), na mwaka 1889 vikaunda umoja wa kitaifa. Ikumbukwe kuwa Adler alikuwa mdhanifu wa Kikanti. Utambulisho wa kiutu ulipata nguvu baada yake. Mwaka 1952 umoja huo ulikuwa miongoni mwa waasisi wa shirikisho la kimataifa la wanautu mjini Amsterdam.

3.0 Matendo ya Nje: Huduma kwa Jamii

Aina ya kwanza ya matendo ni huduma. Mwaka 1877 chama kiliwatuma wauguzi kuwatibu wagonjwa maskini majumbani mwao. Mwaka 1878 kilifungua shule ya chekechea isiyo na ada, na mwaka 1880 shule ya watoto wa wafanyakazi, ambamo kazi za mikono zilifundishwa sambamba na masomo ya darasani. Mwaka 1886 Stanton Coit, mfuasi wa Adler, alianzisha kituo cha ujirani katika eneo la Lower East Side, ambako wasomi waliishi pamoja na wahamiaji maskini. Hicho huhesabiwa kuwa kituo cha kwanza cha aina yake Marekani. John Lovejoy Elliott alifanya kazi kama hiyo katika mtaa wa Chelsea kupitia Hudson Guild. Mwaka 1904 Adler alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa kamati ya kitaifa ya kupinga ajira ya watoto.

Hata hivyo, kadiri huduma hizi zilivyofanikiwa, ndivyo zilivyohitaji bodi, bajeti na wataalamu wake. Vituo vilivyoasisiwa na Coit na Elliott leo ni asasi zinazojitegemea, na shule nayo ilijitenga na chama. Kama huduma peke yake ndiyo ingekuwa gundi ya jumuiya, kila fanikio lingekuwa hatua ya kuivunja.

4.0 Matendo ya Ndani: Mkutano na Ada

Aina ya pili ya matendo huwaelekea wanachama wenyewe. Kila Jumapili hukutana kusikiliza muziki na hotuba. Jengo lao la mkutano, lililo mtaa wa 64 Magharibi kando ya Central Park, lilizinduliwa mwaka 1910. Watoto hufundishwa maadili. Wahudumu wa jumuiya hawaitwi mapadri wala wachungaji, bali Viongozi, nao husimamia ada za kumpa mtoto jina, ndoa na kumuaga marehemu.

Hapa pana jambo linalostahili kutiliwa mkazo. Mwasisi aliziondoa ada, lakini maisha yalizirudisha. Mtu anaweza kusikiliza hotuba nzuri mahali popote. Anapofiwa, anahitaji watu wanaomjua. Msomaji wa Afrika Mashariki anayevifahamu vyama vya kufa na kuzikana ataielewa hali hii bila shida, kwani humo Mwislamu na Mkristo huchangiana sanda na jeneza pasipo kuulizana imani.

Inaweza kupingwa kwamba kilichowaunganisha watu hawa ni asili yao, kwa kuwa wanachama wengi wa mwanzo wa New York walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshelezi. Chama cha Chicago kiliongozwa na William Salter, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Asili moja inaweza kueleza mwanzo wa jumuiya ya New York, lakini haielezi kuenea kwa mfumo wenyewe.

5.0 Ushahidi wa Mahakama

Suala hili lilipata uamuzi wa kisheria mwaka 1957. Chama ndugu cha Washington kilikuwa kimenyimwa msamaha wa kodi unaotolewa kwa majengo ya ibada, kwa hoja kwamba hakimwabudu Mungu. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo, ikaona kuwa sheria husika haikudai imani katika Mungu. Ilizingatia yaliyotendeka: mikutano ya Jumapili, mafundisho ya watoto, na Viongozi wanaotoa majina, kufungisha ndoa na kuzika. Mwaka 1961, katika shauri la Torcaso, Mahakama Kuu ya Marekani iliutaja Utamaduni wa Maadili miongoni mwa dini zisizofundisha imani katika Mungu. Ushahidi uliokubalika katika uamuzi wa 1957, kwa hiyo, ulikuwa hasa matendo ya ndani.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa usharika unaweza kudumu bila kanuni ya imani, lakini hauwezi kudumu kwa huduma pekee. Huduma hukabidhika kwa asasi nyingine. Kulea, kuoza na kuzikana hakukabidhiki kwa urahisi. Matokeo yake kimbinu ni bayana. Mtafiti anayetafuta itikadi tu hataiona jumuiya ya namna hii, na anayehesabu miradi tu ataiona kama asasi ya hisani. Anayeuliza nani humlea mtoto wa nani, na nani humzika nani, ndiye atakayeikuta. Inapendekezwa kwamba swali hilo liingizwe katika hojaji na usaili wa tafiti za jumuiya za kidini kwa Kiswahili, zikiwamo zile ambazo imani yake haina utata.