Hazina ya msimbo bila dirisha itamfaa nani?

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, ila siku hizi inawafaa pia wanafunzi wetu wa isimu wanaounda vikagua tahajia, kamusi za kidijitali na programu za kuchanganua ngeli. Aghalabu mwanafunzi huandika msimbo wake, huhitimu, kisha huyo, kaenda zake na kipakatalishi chake. Anayemfuata huanza upya, utadhani hakuna aliyewahi kulifikiria jambo lile.

Nusu ya dawa ipo tangu 2005, mwaka ambao Mfini Linus Torvalds aliunda Git ili kuhifadhi msimbo wa kiini cha Linux. Git hutunza kila badiliko, jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo mafupi ya sababu. Hilo ndilo daftari. Nusu ya pili ni dirisha. Hivi kumbukumbu hizo zitamfaa nani ikiwa ni sharti mtu azijue amri za Git ndipo azisome? Mtaalamu wa fonolojia anataka kubofya tu, aone.

Mahali msimbo unapotunzwa hivyo naliita hazina, wala si ghala. Mbona? Ghalani ukitoa gunia la mahindi, akiba imepungua. Katika Git ukichukua nakala hapungukiwi mtu, na hata ulichokifuta jana na kukitilia kumbukumbu bado kimo katika historia. Hiyo ni hazina, tena ya kusomwa.

Basi dirisha lenyewe hufunguliwaje? Git husambazwa pamoja na Gitweb, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Anayetaka kuonja tu kwenye kompyuta yake, iliyo na seva ndogo ya wavuti, huingia ndani ya hazina na kuandika amri ya git instaweb. Historia yote ikamjia kwenye kivinjari. Idara inayotaka dirisha la kudumu huhitaji seva kamili, mathalani Apache, na hatua tatu. Kwanza, hazina zote ziwekwe chini ya folda moja. Pili, Gitweb ielekezwe ilipo folda hiyo. Ni mstari mmoja tu katika faili ya mipangilio, kwenye kigezo kiitwacho projectroot. Tatu, Apache iagizwe kuiendesha Gitweb kila mgeni anapobisha hodi.

Halafu kuna adabu ya kumkaribisha huyo mgeni. Kila hazina ina faili ndogo iitwayo description. Usipoigusa, Gitweb huonyesha sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba hazina hii haina jina. Jamani, mradi wa Kiswahili ujitambulishe kwa Kiingereza kuwa hauna jina! Andika: "Kikagua tahajia cha Kiswahili: orodha ya maneno na kanuni za mnyambuliko." Inatosha.

Hata hivyo, dirisha si mlango. Gitweb huonyesha, haibadilishi kitu. Hatari ni kwamba huonyesha pia usichotaka kionekane. Nenosiri lililowahi kuandikwa ndani ya msimbo hubaki katika historia hata likifutwa leo. Ndivyo yalivyo pia majina ya wazee tuliowahoji nyanjani, ambao tuliwaahidi usiri. Gitweb inaweza kuagizwa ionyeshe hazina zilizotiwa alama ya ruhusa pekee na kuzikataa nyingine. Iagizwe hivyo kabla dirisha halijafunguliwa.

Tena kurasa za Gitweb huundwa mgeni anapoziomba. Roboti za injini za utafutaji zikivamia, seva ndogo itahema. Ndiposa wengine huchagua cgit, iliyoandikwa kwa lugha ya C na yenye uwezo wa kuweka akiba ya kurasa. Ndiyo inayoonyesha msimbo wa Linux kwenye tovuti ya kernel.org. Nao wasiotaka kutunza seva wana GitHub, iliyozinduliwa 2008, lakini hapo data hukaa nyumbani kwa mwingine.

Kuna ukurasa mmoja ambao mwanalugha hapaswi kuukosa. Huonyesha, mstari kwa mstari, nani aliandika nini na lini. Kwa kuwa huilemea seva, Gitweb huuacha umezimwa hadi msimamizi auruhusu. Kiingereza kimeuita kwa neno la kulaumu. Kumbe mfumo mwingine, Subversion, hukubali amri hiyo hiyo kwa neno la kulaumu au la kusifu! Mimi ningeuita nasaba ya mstari: haulaumu wala hausifu, unaeleza asili.

Hebu fikiria faili ya tafsiri ambamo mmoja aliandika "kompyuta" na mwingine akabadilisha kuwa "tarakilishi". Tumebishana kuhusu maneno haya miaka na mikaka, mara nyingi bila kujua aliyechagua alikuwa na hoja gani. Nasaba ya mstari ingetupeleka kwenye jina lake, tarehe yake na sababu aliyoiandika, mradi aliiandika. Kwa hiyo mwanafunzi anayehifadhi badiliko leo asiandike "nimerekebisha" na kunyamaza. Aseme amerekebisha nini, na kwa nini. Yupo atakayechungulia dirishani kesho.