Je, Wajua? Kulala kwa Baba, Kula kwa Mama

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno ambalo halihami hata mwenyewe akihama? Ni "kwetu". Mwalimu wa Kalima mwenye miaka hamsini, wajukuu wawili na nyumba yake ya matofali ya kuchoma, siku akifunga mzigo kwenda kijijini kumsalimu mama yake, husema "naenda kwetu". Akirudi, amerudi "kwangu". Maneno hayo mawili yanaishi pamoja bila ugomvi. Ndiyo maana swali la siku hizi, kijana abaki kwa wazazi au ahame, likifika huku Maniema, mashariki mwa Kongo, huwa maswali mawili: analala wapi, na anakula wapi?

Je, wajua kwamba Pangi iko ng'ambo ya mto? Ni moja ya teritwari saba za Maniema, mkoa uliozaliwa mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa vipande vitatu. Anayetoka mjini Kindu kwenda huko huvuka Lualaba hadi Alunguli, ndipo aishike barabara ya Kalima. Kijana wa Pangi anayekwenda Kindu kusoma huifuata njia hiyo kinyume, na mara nyingi safari yake inaishia kwa shangazi au kwa kaka wa baba yake. Watu husema ameondoka kwao. Mimi nasema amebadili chungu tu, maana anayempikia bado ni wa ukoo.

Je, wajua kwamba kwa Walega wa Pangi mtoto wa kiume alianza kutoka nyumbani bado akiwa mtoto? Bwali, yaani jando lao, lilifanyika nje ya kijiji, na wavulana walikaa huko kwa miezi wakifundishwa. Walikwenda watoto wa mama zao, wakarudi wenye haki ya kubisha hodi kwenye Bwami. Asiyepita bwali hakuingia Bwami kamwe.

Na Bwami ndiyo iliyokuwa kipimo cha utu uzima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wa leo wanalijua jina tu, au wameona picha za vinyago vidogo vya pembe vilivyomo kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Bwami ni chama cha ngazi. Mwanamume anaanzia chini, kongabulumbu, anapanda, na wachache wanafika yananio, kisha kindi, ambayo ndiyo kilele. Ngazi hairithiwi. Mtoto wa kindi asipojitahidi mwenyewe anabaki chini. Lakini pia hakuna anayepanda kwa nguvu zake peke yake: lazima akusanye mali kutoka kwa ndugu wa baba, kwa wajomba, kwa wakwe, na kila ngazi ina karamu yake na zawadi zake. Mali hiyo zamani ilihesabiwa kwa musanga, nyuzi za vipande vya kombe la konokono, zilezile zilizolipiwa mahari. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Walega miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, aliliona jambo hili kwa undani: mtu mkubwa ni yule ambaye watu wengi wako tayari kumchangia.

Je, wajua kwamba ngazi hizo za juu hazikumfungukia mseja? Hakuna aliyefika yananio wala kindi bila mke aliyeingizwa katika Bwami pamoja naye. Wanawake wana ngazi zao, na ya juu kabisa ni bunyamwa. Kwa hiyo kwa Walega wa zamani, kijana mwenye nyumba yake lakini asiye na mke wala watu wa kumchangia hakuwa "amejitegemea". Alikuwa mpweke tu.

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Walega hawakuiacha.

Je, wajua kwamba wako wavulana waliohama kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja? Ni Wanyakyusa, upande wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Tanzania. Monica Wilson alifanya utafiti kwao miaka ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu kizima juu ya vijiji vyao vya rika. Wavulana wa umri mmoja walitoka nyumba za baba zao wakajijengea vibanda kando. Walipokua walioa humohumo, na kile kilichoanza kama mchezo wa watoto kikawa kijiji kamili. Sababu mojawapo ilikuwa heshima: mke wa mtoto hakutakiwa hata kumwona baba mkwe wake, sasa wangekaaje ua mmoja?

Lakini sikiliza sehemu ninayoipenda. Wavulana hao walilala kijijini kwao, na chakula walikula kwa mama zao. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mpaka waoe waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Wamehama usiku, mchana wako nyumbani. Baadaye, wakishakuwa wanaume wenye wake na watoto, ilikuja sherehe ya ubusoka, mara moja kwa kizazi, ambapo kizazi cha baba kiliwakabidhi nchi.

Wamasai nao: moran, vijana wapiganaji, walipojengewa manyata yao, yaani kijiji chao, mama zao waliwafuata huko. Baba alibaki na ng'ombe. Tena moran hali peke yake. Hata maziwa hayanywi bila mwenzake.

Wajaluo wa Kenya: kijana hujenga kibanda chake, simba, ndani ya boma la baba yake, na hula kwa mama. Siku ya kuanzisha boma lake mwenyewe hatoki kimya kimya na godoro kichwani. Hutoka na mke, jogoo na shoka, akiongozwa na baba au kaka wa baba, na mdogo hamtangulii mkubwa.

Je, wajua kwamba Lamu anayehama ni bwana harusi? Katika familia za nyumba za mawe, binti alipoolewa alipewa nyumba au orofa na wazazi wake, na mume akaingia kwake. Mabinti wakizidi katika familia, nyumba ilipanda juu, au ilivuka uchochoro kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia. Kwetu Pangi ni kinyume: binti ndiye anayeondoka, anaenda kuanza maisha kwenye ua wa watu ambao jana hawakumjua. Wanaozungumzia vijana "wanaokataa kuhama" wanawafikiria wavulana tu. Dada zao walishahama zamani, na wengi hawakuulizwa.

Je, wajua sheria inasemaje? Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana akingoja 18. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliwaweka wote wawili kwenye 18. Miaka hiyo mitatu ambayo binti sasa anaweza kuimalizia kwao, akisoma, ninaihesabu kuwa moja ya zawadi kubwa ambazo sheria ya nchi hii imewapa watoto wake.

Sheria hiyohiyo inataka mahari, angalau sehemu yake, iwe imetolewa kabla ya ndoa kufungwa mbele ya ofisa wa serikali. Kijana asiye na mahari hana ndoa, na asiye na ndoa, machoni pa wazee wengi, bado ni mtoto wa nyumba hata akiwa na miaka thelathini na tano.

Halafu kuna garanti. Unaitafuta nyumba ya kupanga Kindu, unaipata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingi kwa mpigo kabla ya kukupa ufunguo. Je, wajua kwamba sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu? Wapangaji wengi hawajawahi kuisikia. Nawasihi wenye kusoma wawasomee wasiojua. Vijana wangapi wanaitwa wavivu kwa sababu wamebaki kwa baba, kumbe kilichowafunga ni hesabu ya miezi ambayo sheria yenyewe imeikataza?

Je, wajua nyumba za kwanza za kujitegemea Kalima zilikuwa za nani? Za kampuni. Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932 kuchimba kasiterite, madini ya bati, ilijenga kambi za wafanyakazi. Kijana wa kijijini akipata kazi alipata na nyumba: akahama kwa wazazi siku moja, bila kukata mti wala kuomba kiwanja kwa mzee yeyote. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na kampuni nyingine ikazaliwa SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati duniani ikaporomoka. SOMINKI ilidhoofika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1997 ikavunjwa. Aliyejenga utu uzima wake juu ya kazi ya kampuni aliona mshahara unaondoka, na kilichobaki ni shamba la mama yake: muhogo, mpunga, ndizi za kutwanga lituma. Wako wazee Kalima leo waliorudi kula kwa mama wakiwa na watoto wao wenyewe mgongoni. Wanapowacheka vijana wasiohama, mimi huwatazama nikakumbuka.

Mara ya pili kipato cha machimbo kukatika ilikuja ghafla zaidi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa madini Maniema na Kivu zote mbili. Amri iliondolewa Machi 2011. Nusu mwaka bila machimbo: hesabu mwenyewe ni vyumba vingapi vya kupanga ambavyo kodi yake ilikatika.

Sheria ya Madini humruhusu mtu mzima tu, raia wa Kongo, kupata kadi ya mchimbaji mdogo. Lakini machimbo hayana mlango, na mvulana wa miaka kumi na mitano anayelala huko kwenye turubai hajahama kwa wazazi. Amepotezwa, na kumrudisha nyumbani ni kazi ya wakubwa wote.

Na swali hili si la huku tu. Je, wajua kwamba mwaka 2022 kijana wa Finland aliondoka kwa wazazi akiwa na wastani wa miaka 21.3, na wa Kroatia 33.4? Zote mbili nchi za Umoja wa Ulaya, tofauti miaka kumi na miwili.

Je, wajua kwamba Julai 2020, korona ilipotanda, asilimia 52 ya Wamarekani wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wakiishi na mzazi? Idadi hiyo iliipita hata ya mwaka 1940, mwishoni mwa ule mdororo mkubwa wa uchumi, ilipokuwa asilimia 48. Nchi tuliyoambiwa kwamba huko mtoto hutoka akifika kumi na nane!

Na Italia, mwaka 2007, waziri wa uchumi Tommaso Padoa-Schioppa aliwaita vijana wa namna hiyo "bamboccioni", kama kusema mitoto mikubwa. Vijana walikasirika, na walikuwa na haki. Kazi zilikuwa za mikataba mifupi, kodi za nyumba zilikuwa juu. Walihitaji msaada, wakapewa jina la kuwaudhi.

Je, wajua kwamba anayebaki nyumbani kumtunza mama hapati parseli, yaani kiwanja cha nyumbani, kwa sababu hiyo peke yake? Mzazi akifariki, Sheria ya Familia inawaweka watoto wote kundi la kwanza la warithi, wa kiume na wa kike, na robo tatu ya urithi ni yao kwa mafungu sawa. Ugomvi wa kaka aliyebaki na dada aliyeolewa mbali umevunja familia nyingi nzuri. Ongeeni mapema, mzazi akiwa hai, chakula kikiwa mezani.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, baada ya kuwapa wazazi haki na wajibu wa kulea, inawaambia watoto kwamba wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao? Haisemi walale wapi.

Je, wajua kwa nini mwanamume akioa Waswahili husema "amepata jiko"? Hawasemi amepata mlango, wala ufunguo, wala chumba. Wazee walijua kuwa nyumba mpya huanza pale moto mwingine unapowashwa. Ila msemo huo ni wa mwanamume. Kindu leo kuna wasichana kutoka Pangi, wauguzi, walimu, wauza vitambaa sokoni, wanaolipa kodi ya chumba kwa pesa zao na kutuma nyingine nyumbani ng'ambo ya mto. Hawajaolewa. Majirani wanawatazama kwa wasiwasi, na lugha yetu, yenye maneno mengi ya heshima kwa aliyeoa na aliyeolewa, haijawatengenezea hata moja. Jiko wanalo. Ukipita mtaa wa Mikelenge jioni utaliona likiwaka, sombe iko juu yake, na mdogo wa mwenye jiko aliyekuja kusoma anasubiri sahani.